Alama ya Usanisinuru

Nasrin alikuwa kiziwi tangu utotoni, na mwaka wake wa kwanza chuoni Songea ulimpitia kama ndoto. Midomo ya mhadhiri, Dokta Edmund, ilifunguka na kufungika mbele ya ubao. Wenzake walicheka kwa pamoja, naye hakujua kwa nini. Kati yake na hayo yote alisimama dada Ida, mkalimani wa lugha ya alama, mikono ikipaa na kutua.

Siku moja, kwenye kipindi cha biolojia, mikono ile ilikwama. Walifika kwenye usanisinuru, jani linavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua, na neno hilo hawakuwa na alama yake. Ida akaanza kulitaja kwa vidole, herufi moja moja. Kabla hajamaliza, Dokta alikuwa ameshalirudia, naye Ida akaanza upya. Nasrin akafumba macho. Kwake, huko kulikuwa ni kutoka nje na kufunga mlango.

Kipindi kilipokwisha, Ida alimgusa bega.

"Nisamehe, mdogo wangu. Alama sina. Twende tukaitafute."

Wakashika njia ya milima ya Matogoro. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba, miti ikionekana nusu na kufutika. Walitembea kimya, maana katika ukungu ule hata mikono haikusomeka. Mara jua likapenya. Majani yote yakawaka kwa pamoja, na Nasrin akajiona yuko kwao Nalasi, mtoto mdogo kwenye mikorosho ya baba yake, akiukinga mwanga kwa kiganja na kuupeleka mdomoni kana kwamba unalika.

Akafungua kiganja cha kushoto. Vidole vya kulia vikakishukia taratibu, kama miale, vikakusanyika, vikaenda mdomoni.

"Rudia," Ida aliomba, macho yamemtoka.

Juma lililofuata, neno lilipotajwa, Ida alitoa alama ile pale pale. Nasrin akanyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

"Usiku, jani linakula nini?"

Ida akalisema swali hilo kwa sauti. Dokta Edmund akaweka chaki chini, akamgeukia Nasrin mwenyewe.

"Linakula akiba ya mchana. Lakini ngoja, swali lako lina mambo mengi."

Wakaulizana na kujibizana hadi kipindi kikaisha. Jioni Nasrin alirudi chumbani kwake mtaa wa Mfaranyaki akitembea polepole, mikono imechoka kwa maneno.