Vidonge vya Futi

Mtaa mzima ulishajua mgonjwa ni nani kabla ya majibu kutoka. Mume alikuwa mwokaji mikate, tumbo lake likitangulia kila mlango alioingia, na watu walimwita Bonge. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa mwembamba wa kupeperushwa. Yeye alibandikwa jina la Futi kwa sababu alikutazama tu akakutajia kiuno chako, na hakuwahi kukosea. Ndiye aliyemburuta Bonge kliniki akapimwe mafuta kwenye damu. Yeye mwenyewe alitoa mkono achomwe sindano ili tu mumewe asijione kachaguliwa peke yake.

Basi muuguzi, binti mmoja mpole, alipowaambia kwamba damu ya Bonge haina neno ila ya Futi ina mafuta mabaya mengi mno, wote wawili waliangua kicheko.

"Umechanganya vichupa, mwanangu," Futi alisema.

"Sijachanganya, mama. Wembamba si kinga. Wengine huzaliwa na hali hii, mishipa ya moyo inaziba kidogokidogo na mtu hana habari. Kwenu kuna aliyefariki ghafla, bado ana nguvu zake?"

"Hakuna."

Bonge alimgeukia mkewe. Baba mkwe alifia kitini, hata mvi hazijamwota, kikombe kingali mkononi. Lakini ukweni kwake hilo halikuitwa ugonjwa. Mama mkwe alisema siku zote kwamba mzee alichoka tu, akaegemea kidogo, basi. Bonge alijiambia si kazi ya mkwe kufukua wafu wa watu.

Nyumbani Futi alimzungushia mumewe kipimo tumboni, akatikisa kichwa, akamletea maji pamoja na vidonge alivyoandikiwa yeye mwenyewe kliniki.

"Meza, baba. Tumbo hili halisemi uongo. Yule mtoto kachanganya, na mimi siendi kumuumbua mbele ya wakubwa zake."

Bonge akameza. Tusimwonee, mjinga hakuwa. Ila kama ilikuwa lazima mmoja wao awe na moyo mbovu, alitaka uwe wake, na kila kidonge kilimpa usingizi mzuri. Mapaja yalipoanza kumuuma alifurahi kabisa, akaona dawa sasa imempata mwenyewe.

Miezi ikaenda. Futi akaanza kusimama katikati ya ngazi za dukani kwake, akijifanya anatafuta funguo.

"Uzee huo unabisha hodi," Bonge alimtania.

"Uzee wa nani? Hizi sare za shule ndizo zinanimaliza."

Kisha likaja taya. Akipanda na furushi la vitambaa, taya la kushoto linauma. Akilitua na kukaa, linatulia. Akaenda kung'oa jino. Mng'oaji aliligeuzageuza kwenye taa, akasema ameng'oa jino zima, halina kasoro. Siku chache baadaye maumivu yakarudi palepale, penye pengo. Bonge alilikuta lile jino kwenye sahani dirishani, jeupe, halina hata doa. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alimwacha Futi mbele ya cherehani, amekaa kimya, kiganja kimeshika taya. Safari hii hakuwa amepanda ngazi yoyote. Bonge alifika kazini, akakanda unga mara moja, kazi ikamshinda, akaenda kliniki na unga wake kwenye nyusi.

"Mama anaendeleaje na vidonge?" muuguzi alimuuliza.

"Nimevimeza mimi. Tulijua mmechanganya."

"Baba, damu ya mama tuliipima mara mbili kabla ya kuwaita. Hata mimi sikuamini. Anaumwa popote?"

"Taya. Zamani ilikuwa akipanda ngazi. Leo limemuuma amekaa."

Muuguzi alishasimama. "Mpigie. Mwambie asinyanyuke alipo. Natuma gari sasa hivi."

Simu ilipokelewa, na nyuma yake cherehani ikilia kama kawaida. Bonge akashusha pumzi.

"We naye, kuna nini tena?" Futi aliuliza.

"Usinyanyuke hapo. Gari la kliniki linakuja. Vile vidonge ni vyako, mke wangu. Vilikuwa vyako tangu mwanzo."

Cherehani ikanyamaza. Bonge alisikia mkasi ukiwekwa mezani, kisha kiti kikisogezwa.

"Futi?"

"Nakusikia." Sauti ilikuwa ndogo, wala haikuwa na ubishi. "Tutaongea ukirudi. Nimechoka tu, Bonge. Acha niegemee kidogo."