Harusi Iliyobaki Kiti

Vita vilianza kwa mwayo. Baba mdogo wa bwana harusi alipiga mwayo wakati mjomba wa bibi harusi akitoa nasaha, na mwayo wenyewe, kwa maelezo ya mjomba, haukuwa wa usingizi bali wa dharau. Upande wa pili ukajibu kwamba mjomba angefupisha maneno, watu wasingechoka. Neno likazaa neno, mpaka mama wa bibi harusi akamwita binti yake arudi nyumbani "hadi hao watu watuombe radhi." Binti akaja na begi dogo akidhani ni jambo la siku mbili. Sasa alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni, miguu imening'inia, na mumewe hathubutu kumpigia simu kwa sababu mama yake naye amenuna.

Mwishowe wazee wakakata shauri. Pande zote zitakutana Jumamosi mchana, na video ya harusi itawekwa kwenye runinga iwe shahidi. Kama mwayo ulikuwa wa dharau, utaonekana. Watu wazima wenye wajukuu walikubaliana hivyo, tena wakapeana mikono.

Video hiyo ilikuwa kwa kaka wa bibi harusi, fundi wa kupiga na kukata video, ambaye ukoo mzima ulimwita Sawa kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mafundi wenzake hukata video kwa vitufe vya rangi na kipanya. Sawa hutumia dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Anaandika mstari mmoja wa amri: chukua faili hili, ondoa kuanzia dakika hii mpaka ile, weka hapa. Anabonyeza, maandishi yanaporomoka, kazi imekwisha. Mama yake akipita nyuma yake na kuona skrini hiyo humwonea huruma, maana hudhani kompyuta imeharibika.

Programu yenyewe ina adabu kuliko watu wengi. Kabla ya kuandika juu ya faili la zamani, huuliza kwanza kama una uhakika. Swali hilo lilimchosha Sawa, akaongeza herufi moja kwenye amri zake ili programu ijijibu yenyewe kwamba ndiyo. Aliionea fahari herufi hiyo. Humo chumbani hapakuwa tena na mtu wala mashine ya kusema hapana.

"Kaka," dada yake alimwambia akiwa amesimama mlangoni na shuka mabegani, "video hiyo ndiyo itakayonitoa kwenye lile kochi. Mimi nataka kurudi kwa mume wangu. Tafadhali, usiiguse."

"Sawa," akasema, na alimaanisha kabisa. Alimpenda dada yake, na kumwona anavyojikunja kwenye kochi kulimuuma.

Kisha mjomba akabisha hodi. Aliingia kwa kunyata, yeye mwenye sauti ya kuitisha mkutano bila kipaza sauti.

"Mwanangu, ile hotuba yangu. Kuna mahali nimemtaja bwana harusi kwa jina la yule kijana wa kwanza, yule aliyeachwa. Wakiliona hilo, nimekwisha. Toa."

"Mjomba, nikitoa hotuba, mwayo nao unatoka. Ugomvi si ndio huo?"

"Kwani mimi nimetaja mwayo? Nimetaja hotuba."

Sawa akasema sawa. Akaandika mstari, akabonyeza, hotuba ikaenda zake. Faili lilikuwa ni lile lile moja, na kadi ya kamera ilikwisha kubeba harusi nyingine, lakini hilo hakulifikiria wakati huo.

Mwenye mwayo naye akaja. Baba mdogo alikaa kitandani kwa Sawa, akavua kofia, akakiri kwamba miayo ilikuwa mingi, mingine meza kuu, mingine wakati wa picha, na kwamba ana tatizo la usingizi ambalo hata mkewe halijui. Aliomba itolewe yote. Shangazi akafuata, akitaka kiondolewe kipande ambacho anaonekana akitia soda kwenye mkoba, "si kwamba niliiba, nilikuwa nazihifadhi." Mama yake Sawa mwenyewe aliingia na chai, akaiweka mezani kwa upole usio wa kawaida, akasema kuna mahali amecheka mno siku hiyo na sasa hivi amekasirika, haitapendeza.

Hapa lazima jambo lieleweke, kwa sababu ndugu zake hawakulielewa hata aseme mara ngapi. Fundi huyu hukata muda, hakati mtu. Ukimwondoa shangazi na soda zake, unaondoa na kila aliyekuwa mbele yake, nyuma yake na ubavuni mwake dakika hiyo. Na mbele ya kila mtu, harusi nzima, walikuwa maharusi. Mjomba alipotoka, alitoka nao. Miayo ilipotoka, ilitoka nao. Pete, dansi, kukumbatiana, vyote viliondoka vikiwa vimeshikana na aibu ya mtu fulani.

Jumamosi asubuhi alifika mkwe mwenyewe, mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye kutembea kana kwamba anakagua gwaride. Wigi lake lilianguka wakati wa kukata keki. Hakusema "wigi." Alisema "lile tukio."

"Mama, hapo hakujabaki kitu, nikikata tena..."

"Unanikatalia?"

Akaandika amri haraka haraka, akabonyeza. Kisha akafungua faili atazame kilichobaki. Kilibaki kiti. Kiti cha plastiki kilichofungwa utepe, kando yake feni, na utepe unapepea. Kiti hakikuwa na mtu. Akatafuta nakala kila pembe ya kompyuta, akakumbuka ile herufi yake, akakaa sakafuni.

Mchana sebule ilijaa. Upande wa mke ulikaa dirishani, upande wa mume ukakaa mlangoni, dada yake huku, shemeji kule, hawatazamani. Sawa alitaka kusema ukweli. Alifungua mdomo, mjomba akamwambia weka, naye akaweka.

Kiti kikatokea kwenye runinga. Utepe ukapepea. Watu wakatazama kwa makini sana.

"Mimi sioni dharau yoyote hapo," mjomba akasema baada ya muda.

"Wala mimi," akasema baba mdogo, akitoa pumzi.

"Harusi ilikuwa ya heshima," shangazi akaongeza. "Angalia utulivu."

Mkwe akatikisa kichwa polepole, akasema picha ni safi. Mama yake Sawa akafuta machozi, akasema hajawahi kuona harusi isiyo na doa namna hii. Wakaanza kupeana mikono juu ya meza. Sawa aliwatazama mmoja mmoja akidhani wanamtania, kumbe wapi, hakuna aliyekuwa akitania.

Ni dada yake tu aliyebaki ameikodolea macho runinga. "Na mimi?" akauliza. "Mimi niko wapi?"

Picha ilikuwa imefika mwisho, kiti kimeganda, utepe umesimama hewani. Lakini runinga haikunyamaza. Kwa programu ya Sawa, picha na sauti ni vitu viwili, kila kimoja huamriwa peke yake, na ile asubuhi, kwa hofu ya mkwe, alikuwa amekata picha akaisahau sauti. Ikaendelea kutiririka: vijiko, kelele za watu, halafu karibu kabisa na kamera, sauti ya bibi harusi ikinong'ona.

"Viatu vinaniua."

"Vivue," sauti ya bwana harusi ikajibu. "Nitasimama mbele yako."

"Mama yako ataona."

"Mama sasa hivi anatafuta wigi lake chini ya meza."

Kicheko kikawapata wote wawili, cha kuzuia pumzi, cha watoto waliojificha. Sebuleni mkwe alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Hawa watu watagombana, ujue," sauti ya bibi harusi ikasema ilipotulia. "Nawaona tu."

"Waache wagombane. Sisi si tutakuwa zetu nyumbani?"

Sauti ikakatika. Shemeji alikuwa ameinamisha uso. Akainuka, akapita katikati ya chumba, akiruka magoti ya wazee bila hata kuomba radhi, akaenda nyuma ya kochi na kuliinua lile begi dogo. Mkewe alikuwa amekwisha vaa ndala.

"Mnakwenda wapi?" mama akauliza. "Kikao hakijafungwa!"

"Nyumbani."

"Nyumbani si hapa?"

"Kwangu, mama," binti akasema, akambusu shavuni, wakatoka.

Chumba kizima kilibaki kinatazama mlango. Wa kwanza kuzinduka alikuwa shangazi. Akamsogelea Sawa, akamshika bega, akashusha sauti.

"Mwanangu, hayo maneno yao ya mwisho hayafai kusikika kwa watu. Hebu yakate."

Ilikuwa kazi ya mstari mmoja, angeimaliza kabla shangazi hajakaa. Sawa akafunika kompyuta.

"Hayakatiki, shangazi," akasema.