Mazoezi ya Kipupwe Dzaleka

Mwezi wa sita mwaka 2001 baridi ilishuka Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, manyunyu yakawa yanakaa kutwa. Waendesha baiskeli wa Lilongwe walipumzika, maana mashindano yangerudi mwezi wa tisa. Dany naye alitaka kupumzika, lakini shemeji yake Gertrude hakumpa nafasi.

Gertrude alikuwa mjane wa Lucien, kaka yake Dany. Kule Bukavu Lucien alifundisha timu ya baiskeli, na mkewe alisimama naye barabarani akishika saa, mpaka vita vikamwacha peke yake. Hapa kambini alishona nguo. Dany alibeba abiria kwa kabaza, yaani teksi ya baiskeli, na baiskeli hiyohiyo nzito ndiyo aliyotaka kuitumia mashindanoni.

“Shemeji, na hii mvua? Benzangu bote banalala.”

“Bache balale. We jenga miguu sasa.”

Basi kila alfajiri Dany alielekea mji wa Dowa, magazeti yamejazwa kifuani kuzuia upepo. Hakuruhusiwa kwenda kasi. Akishindwa kuongea kwa kuhema, apunguze mwendo. Manyunyu yakizidi, yeye na Gertrude waliingia kanisani, wakainua gurudumu la nyuma juu ya kigogo na kulibana kwa kipande cha mpira ili pedali ziwe nzito kukanyaga. Akina mama wa kwaya waliokuwa wakifanya mazoezi humo walimcheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanaimba kwa mwendo wa miguu yake.

Siku moja ya mwezi wa saba alirudi vidole vimekufa ganzi, akaitupa baiskeli matopeni.

“Mi nimechoka! Lucien alikufa, shemeji. Tunafanyia nani hii yote?”

Gertrude aliiinua baiskeli kutoka matopeni. Akamshikisha kikombe cha uji, akaifunika mikono ya Dany kwa mikono yake mwenyewe.

“Lucien alikufa, njo vile. Lakini mi niko. Na we uko. Kunywa, halafu upande.”

Akapanda.

Mbio za mwezi wa tisa zilikuwa za kutoka Biwi, mjini Lilongwe, hadi Nathenje na kurudi. Wengi walikuwa na baiskeli nyepesi, wakamwacha mapema. Wakati wa kurudi, upepo ukiwapiga usoni, mmoja mmoja wakaanza kulegea. Dany akawapita, huku anahema kwa utaratibu kama aliye njiani kwenda Dowa. Alimaliza wa pili, nyuma ya bingwa wa mji.

Mwenye kipaza sauti akamuuliza kocha wake ni nani. Dany akapenya kwenye watu, akamvuta Gertrude mbele.

“Huyu mama?” mwenye kipaza sauti akashangaa.

“Njo mimi,” Gertrude akasema, kidevu juu. “Gertrude, wa Dzaleka.”

Akina mama wa kwaya waliofuatana nao kutoka kambini wakapiga vigelegele hadi kipaza sauti hakikusikika. Dany alicheka na kulia kwa pamoja.

Jumatatu Gertrude alipofungua mlango ili aanze kushona, alikuta wanaume wawili wa kabaza wamesimama na baiskeli zao.

“Mama kocha, tunaanza lini?”

“Leo,” akasema, akaenda kutafuta saa yake.