Siku Mama Norene Alipoomba

Alasiri moja nilipita nyuma ya nyumba ya wamisionari kurudisha sufuria yao, nikamkuta Mama Norene ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu yote miwili ndani ya beseni, analia. Hakikuwa kilio cha kwikwi. Machozi yalikuwa yanatiririka tu, naye ameyaachia, kama mtu aliyechoka hata kunyanyua mkono wa kujifuta. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hadi ngozi ikang'aa. Aliponiona akajitia kutabasamu, na tabasamu hilo likanichoma kuliko machozi.

"Taarita, jua limenipiga machoni," alisema.

"Jua liko upande wa pili wa nyumba, mama."

Akacheka, kisha akalia tena. Niliweka sufuria chini, nikachuchumaa, nikaanza kumkanda miguu. Siku nyingine angenizuia. Siku hiyo aliniachia.

Alikuwa amepita miaka sabini. Alikuja kisiwani kwetu na mumewe, Mzee Verl, kutoka milimani huko Amerika wanakolima viazi, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, theluji hufunika ua hadi madirishani. Kanisa liliwatuma wakiwa wamekwisha kustaafu, wakati wenzao wa rika lile wanakaa barazani kulalamikia magoti. Tuliwapokea kwa mashada ya maua na nyimbo, kisha tukawatwika kazi. Huo ndio ukweli, wala sioni sababu ya kuupamba.

Wiki yao niliijua vizuri, maana nyumba zetu zimejengwa kwa vijiti vya makuti na hazifichi kitu. Jumatatu waliiita siku ya mapumziko, na Mama Norene aliimaliza kwa kufua. Siku zilizofuata alifundisha wasichana kinanda ambacho chumvi ya bahari ilikuwa imekula nusu ya sauti zake, huku Mzee Verl akizunguka na baiskeli kuziba nyufa za matangi ya maji ya mvua. Kuwaona wagonjwa wa kijiji cha kusini walikwenda kwa miguu maji yakipwa, wakarudi yakiwa yameanza kujaa, sketi ya mama imelowa hadi magotini. Jumamosi walisafisha kanisa, kwa sababu sisi tuliopangiwa zamu siku hizo huwa tunapatwa na udhuru. Jumapili ndiyo iliyowamaliza kabisa. Baada ya ibada kulikuwa na mafundisho, na baada ya mafundisho chakula ndani ya maneaba, jumba letu la mikutano, ambako mgeni hula kwanza na kijiji kizima kinatazama sahani yake. Mama alikuwa akimeza magimbi yetu ya babai kama anayemeza dawa, na bado alisema asante.

"Unataka nini, mama?" nilimuuliza siku ile ya beseni. "Niambie mimi."

"Nataka baridi," alisema. "Basi. Nataka kulala chumba cha baridi chini ya blanketi zito, nisiamshwe na mtu."

"Si mwezi huu mnamaliza muda wenu?"

"Verl anataka tuongeze mwaka. Hajasema, lakini namwona. Sijawahi kumwona na furaha hivi tangu tuuze shamba. Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Wewe Taarita!" Akanipiga begani kwa kitambaa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Ndugu yako akija akakuomba kitu waziwazi, kwa bubuti, humnyimi. Iwe mtumbwi, iwe nguo uliyovaa, unatoa, na kesho nawe utamwomba yeye. Kumnyima ni aibu isiyofutika. Mzee Verl aliipenda desturi hiyo kupita kiasi. Aliombwa viatu akatoa, akaombwa koleo akatoa, akaombwa kofia akaivua papo hapo akicheka, hadi tukaanza kuona haya kwa niaba yake. Lakini yeye mwenyewe hakuomba kitu kwa mtu, hata dafu. Mkewe vilevile. Walidhani huo ndio wema. Hakuna aliyewaambia kwamba anayetoa tu bila kuomba anakuweka mbali naye, anakuonyesha kwamba hana haja na wewe. Watu walinong'ona kwamba wazungu wetu ni wakarimu lakini wanaringa.

Siku mbili tatu baada ya kumkuta na beseni, Bibi Rotia, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alituita. Habari zilikuwa zimefika kwamba hakuna wamisionari wengine watakaoletwa.

"Tukiwaachia waondoke, tumebaki mikono mitupu," alisema. "Jumapili kwenye chakula tutawaomba wabaki. Mbele ya watu wote. Tuone watakataaje."

"Nani atasema?" mmoja aliuliza.

"Taarita. Ni jirani yao, na mdomo wake haujui kuchoka."

Wakacheka. Nilitaka wabaki, nisije nikasingiziwa. Nilimpenda yule mama. Lakini nilijua kwamba ombi hilo likitoka kinywani mwangu, atabaki, na atabaki akitabasamu, na tutamzika hapa.

Jumamosi nilikwenda kanisani kumsaidia kupiga deki, jambo lililomshangaza. Nikamweleza njama nzima bila kuzunguka.

Alikaa juu ya benchi, kitambaa kinadondosha maji sakafuni. "Basi nimekwisha," alisema.

"Hujaisha. Anayetangulia kuomba hupewa kwanza. Ukisimama kabla yangu, sisi ndio tutakaoshindwa kukunyima."

"Sijui kuomba, Taarita. Kwetu mtoto aliyeomba kipande cha pili cha keki alipelekwa kulala. Nimekuwa mke miaka hamsini, sijaomba kitu."

"Hata kwa mumeo?"

"Hasa kwake."

Hilo lilinikasirisha, nikamwambia. Nilimwambia sisi hapa hatuna mali, tumeishi juu ya huu mchanga mwembamba kwa kuombana, na kama anaona kuomba ni udhalili basi anatuona sote ombaomba. Aliinama akaanza kukamua kitambaa. Nilirudi nyumbani nikijuta ukali wangu, usingizi haukunijia upesi.

Jumapili maneaba ilijaa. Walishiba wageni, wakashiba wazee, wimbo ukaimbwa, kisha Bibi Rotia akanikonyeza. Nikasimama. Mama Norene alikuwa kando ya mumewe juu ya mkeka wa heshima, macho yamekazia mikono yake. Hakuelekea kusimama.

Nikaanza kusalimu. Niliwasalimu wazee wa kaskazini, nikawasalimu wazee wa kusini. Nikawashukuru waliopika. Nikawashukuru waliovua samaki, nikataja samaki wenyewe.

"Unasubiri meli?" Bibi Rotia alininong'oneza kwa hasira, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Sikuwa na wa kumsalimu tena. Nikawageukia wageni. "Mzee Verl, Mama Norene," nilisema, "sisi akina mama tuna..."

"Samahani, Taarita."

Alikuwa anainuka. Aliinuka kwa shida, mkono mmoja begani kwa mumewe, na Mzee Verl alidhani anataka maji, akamsogezea kikombe. Mama hakukipokea.

"Nina ombi," alisema kwa lugha yetu, ile lugha yake iliyovunjikavunjika. "Naomba kwenu nyote. Na kwa Verl. Naomba mniachie niende nyumbani. Nawapenda. Nimechoka. Nawapenda na nimechoka sana."

Mzee Verl alibaki na kikombe mkononi, mdomo wazi. Mimi nilikaa chini.

Bibi Rotia alimtazama yule mama, akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameelewa kila kitu na tutaongea baadaye. Kisha akamgeukia tena Mama Norene.

"Mama wewe," alisema. "Muda wote huu tunakungoja uombe kitu. Na sasa unaomba hiki."

"Hiki tu," Mama Norene alisema.

Bibi Rotia alijifuta uso kwa kiganja. "Haya. Tumekupa."

Akina mama wakaanza kulia, nami nikalia nao. Wengine walimwendea wakamshika miguu ile iliyovimba, wakamwita dada. Hawakuwahi kumwita hivyo. Mzee Verl aliketi peke yake kwenye ule mkeka mpana, na nilimwonea huruma, nikajiuliza nimefanya nini.

Yeye na mkewe walirudi nyumbani mmoja mbele, mwingine nyuma. Sikusikia sauti kwao. Baada ya muda Mama Norene alitokea kwangu bila viatu.

"Naomba mkeka," alisema. "Na mto."

Nilimtandikia juu ya jukwaa langu la kulalia upande unaopata upepo, na kabla sijamaliza kufukuza kuku alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, akikoroma kama mvuvi.

Mzee Verl alikuja akimtafuta, tai bado iko shingoni. "Yuko hapa?"

"Amelala. Tafadhali usimwamshe, mzee. Kama umekasirika, nikasirikie mimi."

Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu hadi nikaona haya kuendelea kusimama pale. "Kila asubuhi alikuwa akiimba jikoni," alisema. "Nikajiambia, mwanamke anayeimba hivi, nitamwambiaje kwamba mgongo wangu umekwisha? Kwamba nikipanda baiskeli naona giza?"

"Alikuwa anaimba ili usimsikie akigumia."

"Mimi nilikuwa nazungumza habari za mwaka ujao ili asinione nimechoka." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Mwaka ujao! Nani anautaka?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, kama kawaida yangu, lakini nilipouona uso wake sikuweza. Alikuwa mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. Alilegeza tai akaivua, akaikunjakunja mkononi bila kujua aiweke wapi.

"Taarita," alisema, "naomba mahali."

Nilimsogezea mkeka. Alijilaza taratibu, kiungo baada ya kiungo, akalala kando ya mkewe bila kumgusa. Mama Norene, bila kufumbua macho, akavuta nusu ya mto na kumpa.

Jua lilikuwa limeshuka, na sala ya jioni ilikuwa karibu, sala ambayo Mzee Verl ndiye aliyekuwa akiiongoza siku zote. Nilifukuza kuku kwa mara nyingine, kisha nikaenda mbio kanisani kumwambia Tiaon, mgonga kengele wetu, asiigonge.