Beseni Chini ya Meza

Mwalimu Anguzu aliomba ini bovu. Aliomba mbele ya darasa zima la kidato cha tatu, katika shule moja ya Mvara, na macho yote yakamgeukia Zuhurah, kwa sababu baba yake Muzamili alikuwa na bucha sokoni Arua.

"Liwe na minyoo," mwalimu alisema. "Picha ya kitabuni mmeichora hadi mmechoka. Sasa nataka mwone kitu chenyewe."

Zuhurah alifurahi. Bayolojia ndilo somo lililomfanya asahau njaa. Asubuhi iliyofuata alipita buchani kabla ya kwenda shule. Nyama ilikuwa imetoka machinjioni muda si mrefu, ingali na joto, na Muzamili alikuwa akiitundika kwenye vyuma. Alikuwa mtu wa Koboko, na ng'ombe wake wengi aliwanunua huko huko, upande wa Midia. Kila mteja alimwambia maneno yale yale: "Katika soko hii, hakuna mutu anachinja safi kama mimi."

"Baba," Zuhurah alisema, "mwalimu anataka ini yenye iko na wadudu."

Alidhani baba atakasirika. Muzamili akacheka.

"Moja tu? Iko mingi."

Akainama, akavuta beseni kubwa la bluu kutoka chini ya meza, akaondoa gunia lililolifunika. Ndani kulikuwa na maini yaliyovimba, yenye makovu meupe, mengine magumu na yenye vinundu. Harufu yake haikuwa ya kuoza. Ilikuwa chungu, harufu ya nyongo, nayo ikamkaa Zuhurah kooni.

"Si mkaguzi wa nyama alisema hizi zitupwe shimoni?"

"Mkaguzi iko na kazi yake, mimi niko na yangu." Akachagua moja, akalitia ndani ya kavera, mfuko mweusi wa plastiki. "Peleka. Soma sana."

Kabla Zuhurah hajafika barabarani, pikipiki ya boda ikasimama mbele ya bucha. "Nimekuja kwa mzigo ya Mama Elise," dereva alisema. Zuhurah akageuka. Akamwona baba yake akiliinua lile beseni na kuyamimina maini karibu yote ndani ya mfuko wa plastiki. Dereva akaufunga nyuma ya kiti, akashika njia ya Vurra.

Mama Elise alikuwa Laurette, Mkongomani aliyewapikia madereva wa malori karibu na forodha ya Vurra. Binti yake, Elise, alikaa dawati moja na Zuhurah. Siku za shule Elise aliishi kwa shangazi yake hapo Mvara, na kila Jumamosi alirudi Vurra kumsaidia mama yake kupakua chakula. Mara nyingi Jumatatu alikuja na bakuli la maini ya kukaanga yenye pilipili nyingi, nao wawili wakala wakati wa mapumziko, wakilamba vidole.

Zuhurah alitembea hadi shuleni akiwa ameshika kavera mbali na mwili wake.

Mwalimu Anguzu aliliweka ini juu ya sinia ya bati, wanafunzi wakasongamana. Mkasi ulipopita kwenye mirija ya nyongo ulikwaruza kana kwamba unakata mchanga. Kisha mwalimu akabonyeza kwa kidole gumba, na minyoo ikatoka. Ilikuwa bapa, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, mipana kama ukucha, na ilikuwa hai. Mmoja ulijikunja, ukajikunjua, ukajikunja tena juu ya bati. Nyuma yake ikaja mingine, imegandana, pamoja na uji mzito wa kijani.

Robert, ambaye siku zote alijigamba kwamba atakuwa daktari wa upasuaji, alitoka mbio. Elise aliwahi dirisha, akatapika ukutani. Zuhurah hakutapika. Mdomo ulimjaa mate, akawa anameza, anameza, wala mate hayakwisha.

Elise alirudi akijifuta midomo. "Mwalimu, mutu akikula hii?"

Mwalimu Anguzu alikuwa mtu mkweli. "Ini likiiva vizuri, mnyoo huu haumdhuru mtu. Konokono wa majini ndio wanaoubeba, halafu unajishikiza kwenye majani ya bwawani. Mtu anaupata akila majani hayo mabichi, au akinywa maji yale. Haupati kwa kula ini."

Darasa likapumua. Wengine wakacheka.

"Kwa hiyo inafaa kuliwa?" Robert aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimesema halimdhuru mtu," mwalimu alijibu. "Kama linafaa, jiulize mwenyewe. Ungelila?"

Baada ya kipindi Zuhurah alimvuta Elise nyuma ya maabara. Angeweza kunyamaza. Lakini Jumatatu ingefika, na bakuli lingefunguliwa.

"Ini ya mama yako," alisema, "inatoka kwa baba. Inatoka kwa beseni moja na hii. Nimeona leo."

Elise alimtazama usoni, kisha akamtazama mikono, na akarudi nyuma hatua moja.

"Munatukulisha hii? Miaka yote?"

"Mimi nimejua leo tu."

"Twende kwa baba yako," Elise alisema.

Jioni, masomo yalipokwisha, walimkuta Muzamili akipangusa meza. Zuhurah alieleza yote: minyoo, mirija, konokono. Alieleza vizuri, kama aliyesimama mbele ya mtihani, na hapo ndipo alipojiponza.

"Mwalimu alisema mutu anakufa?" Muzamili aliuliza.

"Hapana. Alisema ikiiva haina shida."

"Basi! Mwalimu yenyewe amesema. Umetoka Mvara kuja kunipigia kelele ya nini?"

Elimu ambayo Zuhurah aliitegemea ilikuwa imehamia upande wa baba. Aliona uso wake ukitulia, uso wa mtu aliyeshinda kesi, na ule utulivu ulimtia kinyaa kuliko minyoo yenyewe.

"Kama haina shida," alisema polepole, "kula wewe, baba."

"Nini?"

"Madrasa walitufundisha chakula iwe halali, na iwe safi. Hii ni safi? Kula. Elise amekula miaka yote."

Watu wawili waliosimama kwenye bucha ya jirani waligeuka kusikiliza. Muzamili aliwaona. Angeweza kumfukuza binti yake, lakini Elise alikuwa mgeni, na majirani walikuwa wakitazama. Akachochea jiko la mkaa alilochemshia chai, akaweka kikaango, akakata kipande cha ini lililosalia chini ya meza. Alikikaanga kwa muda mrefu kupita kiasi, hadi kikawa cheusi. Mirija ilisimama katikati kama vijiti vyeupe.

Akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja. Mchanga wa ile mirija ukalia kati ya meno yake, wote wakausikia. Akajaribu tena, macho yakimtoka machozi, kisha mwili wake wote ukakataa. Aliinama pembeni ya meza, akatema, akaendelea kutema hata mdomo ulipokuwa mtupu.

Elise alitoa simu, akampigia mama yake, akaiweka kwenye spika. "Mama, ile ini unanunua kwa baba ya Zuhurah. Unajua iko na wadudu?"

Laurette alikuwa jikoni, sufuria zilisikika. "Ninajua, mutoto yangu. Ninakata kidogo-kidogo, ninatia pilipili. Watu ya malori hawaulizi. Na wewe, karo yako inatoka wapi?"

Elise alikata simu. Alisimama akiishika kwa vidole viwili tu. Zuhurah alitaka kumshika bega, akakumbuka alivyorudi nyuma pale maabara, akaacha.

Jumamosi hiyo Elise alikwenda Vurra kama kawaida, akavaa aproni, akasimama kando ya sufuria. Dereva wa kwanza alipoomba maini, akamwambia wazi yametoka wapi na ndani yake mlikuwa na nini. Dereva akaita wenzake. Mmoja alimwaga sahani yake mchangani mbele ya Laurette, na Laurette akamchapa binti yake kwa mwiko mbele ya watu wote. Elise hakukimbia. Wiki iliyofuata jiko la Vurra lilipika maharage na samaki mkavu, na wateja wengi walikuwa bado hawajarudi. Mama na binti walizungumza mambo ya kazi tu.

Muzamili naye alianza kuyapeleka maini mabovu shimoni, akiyamwagia mafuta machafu ya gari ili yasiokotwe. Hakumwambia Zuhurah. Binti alisikia kwa wauzaji wengine. Lakini pale buchani hapakusikika tena maneno ya kuchinja safi; wateja walipimiwa nyama, wakaenda zao.

Elise alihamia dawati la mbele. Siku moja, bila kugeuka, alimnyoshea Zuhurah daftari lake ili anakili mchoro wa konokono. Zuhurah alinakili, akalirudisha.

Nyumbani, jioni ya Ijumaa, Muzamili alileta nyama nzuri, nyekundu, isiyo na doa, akaipika mwenyewe. Akachagua kipande kizuri kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Hii niliangalia mimi mwenyewe," alisema.

"Asante, baba."

Zuhurah alijitahidi. Alikifikisha kipande karibu na mdomo, mate yale yale yakamjaa, akakirudisha sahanini. Akala ugali na sombe ya majani ya muhogo, macho chini. Muzamili alingoja mpaka binti alipomaliza, kisha akanyosha mkono, akakichukua kile kipande, akakila.