Vifungo vya Chaza Ndani ya Siki

Mpwa wangu ana karakana ya vifungo. Katika chaza wake hatupi kitu: nyama inaliwa, maganda makubwa yanakuwa vifungo, madogo anapewa jirani mfuga kuku, ayasage ili mayai yasitoke laini. Mimi nimefanya kazi kila mahali bila kukaa. Safari hii nilitaka kukaa.

"Mjomba, nakupa wiki moja," alisema. "Ukiharibu, unafunga virago."

Siku ya nne asubuhi aliniachia vifungo kumi na viwili vya gauni la harusi.

"Vipanguse tu. Bibi harusi anakuja saa kumi."

Vipanguse tu! Mimi niliyeng'arisha shaba melini? Nikavitumbukiza kwenye bakuli la siki, nikaenda kunywa chai. Chai ikazaa soga, soga ikanifikisha adhuhuri. Niliporudi, siki inatoa mapovu, na vifungo vimefifia, vinakwaruza kama ulimi wa paka.

"Mjomba! Ganda hili ni chokaa tupu. Siki inalila!"

"Sikujua."

"Na mdomo wa kuulizia uliuacha wapi?"

Karakana haikuwa na ganda hata moja. Mzigo mpya ulikuwa wa kesho. Vifungo vya gauni ni vidogo, hata maganda madogo yangetosha; nikakimbilia kwa mfuga kuku. Nilimkuta ameinua mchi juu ya kinu.

"Shusha taratibu, mama!"

"Mzee, umekuja kuposa au kuiba?"

"Kuomba. Bibi harusi hana vifungo."

"Na kuku wangu wavae nini?"

"Nipe maganda kumi na matano tu. Jioni nakutwangia gunia zima."

"Kwa mgongo huo?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, chagua."

Mpwa akakata na kutoboa, mimi nikasugua kwa msasa na maji. Mawili yakapasuka kwenye mashine. Saa kumi bibi harusi akaingia na gauni begani. Kumi na kimoja vilikuwa mezani.

"Na hicho mkononi?"

"Hiki bado kinaoga, mwanangu."

Akaketi, akasubiri huku anacheka. Nilipomaliza, mpwa alikielekeza dirishani. Kikameta kijani, kikameta waridi. Akakiweka na wenzake, bibi harusi akaondoka navyo.

Nilikuwa natoka kwenda kutwanga mpwa aliponiita.

"Mjomba, kesho saa mbili, usichelewe. Na usichokijua, uliza."

"Hata kama ni kila kitu?"

"Hasa kama ni kila kitu."