Tangi Lililobaki Kwenye Karatasi

Kazini, kwenye maabara ya fizikia, walimwita Mama Mwanga kwa sababu ya programu yake ya kompyuta. Chembe ndogo kuliko vumbi ikipita kwenye tangi la mafuta, mafuta hutoa mwanga hafifu mno; programu ilionyesha mwanga huo unapotelea wapi kabla ya kufikia vihisi vya ukutani vinavyoupima.

Tangi lenyewe alilichora mumewe, mhandisi. Tangu waoane alikuwa akichora na kufuta. "Wenzangu wana watoto," alizoea kutania, "mimi nina tangi." Mkewe alicheka naye, ingawa utani huo ulimchoma.

Wiki ya kikao cha kuidhinisha ujenzi, sampuli ya mafuta ilifika kutoka kiwandani. Mafuta yalikuwa na ukungu zaidi kuliko walivyoahidiwa. Mama Mwanga akaingiza vipimo vipya. Kwenye skrini nusu ya chini ya tangi ikawa giza: mwanga wa huko haukufikia vihisi. Alidhani amekosea, akarudia, akabadilisha hili na lile. Giza likabaki palepale.

Alimweleza mumewe jikoni, walipomaliza kula.

"Hiyo ni programu tu."

"Ndiyo hiyo hiyo uliyokuwa ukiisifia."

"Basi nyamaza kikao kipite. Nitalirekebisha taratibu. Nakuomba, mke wangu."

"Likishajengwa utalirekebishaje? Twende tukawaambie pamoja."

Mume aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Kikaoni mke alieleza peke yake habari ya giza lile. Mwenyekiti akamshukuru. Mumewe alikunja michoro yake, akatoka bila kumtazama mtu. Mradi ukapewa timu nyingine, tangi likachorwa upya, dogo zaidi. Programu waliipokea kwa mikono miwili.

Haukupita muda mume akapata kazi mji mwingine. "Sikulaumu," alisema mlangoni, sanduku mkononi. "Ulisema kweli. Ila kila nikikutazama, nakiona kile kikao."

Jumapili moja mama mkwe wake akapiga simu.

"Mwanangu, mbona mwenzio hapokei simu zangu? Mko salama?"

Mama Mwanga alitaka kusema tuko salama.

"Ameondoka, mama."

Yule mama akaanza kulia. Mama Mwanga akaketi sakafuni, simu sikioni, wakalia wote wawili, mtu na mkwewe, mpaka mama mkwe akauliza, "Lakini umekula?"

"Bado."

"Basi inuka ule. Mimi sikati simu."